Bundi Wawili Juu ya Kitanda cha Mumo

Binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi iliyotolewa kopi kwenye saiba, bado ina joto la mashine na harufu ile ya wino uliochomwa, akaiweka juu ya meza nilipokuwa nachambua ndengu.

"Mami, ticha amesema tuandike majina yetu kama watu wa Misri ya zamani. Ni rahisi tu. Kila picha ni herufi."

Kweli karatasi ilikuwa imepangwa vizuri. Unyayo ulikuwa B, mkono D, mdomo R, maji yenye mawimbi yalikuwa N. Na katikati ya ukurasa, akinikodolea macho, alikuwepo bundi. Bundi ni M.

Nilikasirika papo hapo. Nilimwambia aiondoe ile karatasi mezani, akaniuliza amefanya nini, nikamwambia hajafanya kitu, aiondoe tu. Alikwenda nayo kwenye kochi akinitazama kwa jicho la pembeni, kama anavyomtazama mbuzi mwenye tabia ya kupiga pembe. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kitu alichopewa kwenye ukurasa mmoja, pamoja na mstari wa kuandikia jina, mimi nilikipigania kiangazi kizima nikiwa na umri kama wake, na nikashindwa vibaya.

Kwetu ni upande wa Kasikeu, juu kidogo ya soko, mahali ambapo vumbi jekundu huingia hadi kwenye chumvi. Mumo ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Alipokuwa bado anajifunza kutembea aliugua homa kali, ikamwachia miguu na akili na kicheko, ila masikio ikaenda nayo. Watu wa sokoni walimwita bubu. Nyumbani tulimwita Mumo, ingawa sasa nikifikiria sijui tulikuwa tunamwita nani, maana yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwamba ana jina.

Tulizungumza naye kwa mikono. Si lugha ya ishara ile inayofundishwa. Hiyo hatukuwa tumeisikia hata kwa mbali. Ilikuwa mikono ya nyumbani tu. Susu, yaani nyanya yetu, alikuwa kufunga leso chini ya kidevu. Baba alikuwa kuvuta mkanda wa suruali. Mama, ambaye siku za soko alibeba maembe kwa kamba kipajini, alikuwa kidole kikipita juu ya macho. Pasta alikuwa kitabu kilichofunguliwa pamoja na mdomo uliopanuliwa hadi mwisho. Mimi nilikuwa uso uliokunjwa, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo, na kila nilipolalamika nilikunja uso, basi Mumo akacheka na kuonyesha: ndiye huyo huyo.

Kwa mikono hiyo tuliweza kusema mbuzi ametoroka, maji yameisha, njoo ule. Tuliweza kusema chochote kinachoonekana au kinachoweza kuigizwa. Lakini hatukuwa na ishara ya kesho kutwa. Hatukuwa na ishara ya kwa sababu. Hatukuwa na ishara ya kusema hapana, hukunielewa, sikuwa na maana hiyo. Ukishamwambia Mumo kitu akakichukua vingine, basi kimekwenda hivyo, na unabaki umesimama na mikono yako hewani.

Kanisani walikuwa na njia yao. Kila mhubiri mgeni alipokuja, Mumo alipelekwa mbele, akatiwa vidole masikioni, akapigiwa kelele, "Sikia!" Halafu mzee mmoja alipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Wakati mwingine Mumo aligeuka, kwa kuwa aliona watu wote wanatazama nyuma yake na yeye si mjinga, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Susu alirudi nyumbani akiimba. Jioni alimwita Mumo kutoka jikoni kwa sauti kubwa, mara moja, mara ya pili, halafu akaenda kumshika mkono mwenyewe. Nilichukia jioni hizo kuliko kitu chochote.

Mimi nilitaka aende shule. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na sikuona kwa nini liwafanye watu wazima wakune vichwa. Watoto wadogo kuliko yeye walishuka kila asubuhi na sweta zao za kijani, naye akisimama mlangoni na kamba ya mbuzi. Baba alikuwa na jibu moja tu kama msumari.

"Ataenda kufanya nini huko na hasikii? Kukalia deski?"

Mama alimwendea mwalimu wa darasa la kwanza mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyofika hadi barabarani, si mtu mbaya. Alisikiliza, akafikiri, akatoa sharti lake.

"Sikia Mama, mimi nina watoto karibu kumwagika kwa madirisha. Mlete baada ya likizo. Nitaandika majina matatu kwa ubao. Akichagua jina yake, namwandikisha, na headmaster nitamwambia mimi. Akishindwa, usinilaumu."

Mama alirudi akiwa na furaha. Baba alisema sawa, akishinda atamnunulia sweta yeye mwenyewe, na alisema hivyo kwa sababu alijua hatashinda. Mimi nikakabidhiwa kazi. Nilikuwa darasa la sita, niliongoza kwa Kiswahili, na nilidhani kusoma ni jambo ambalo mtu akilionyeshwa mara moja linaingia.

Sasa jaribu wewe. Mimi nilifundishwa kusoma kwa kuimba, ma me mi mo mu, darasa zima likitikisa mabati. Nilimwimbia Mumo. Akanitazama mdomo na kuufungua na kuufunga pamoja nami kama samaki, akifurahi sana. Niliandika MUMO kwenye mchanga kwa kijiti. Akanakili vizuri kuliko mimi, M zake zilikuwa na miguu iliyonyooka kama viti. Niliandika jina langu, akalinakili vilevile. Halafu akaenda kunakili maandishi ya gunia la mbolea, yote, hadi alama ya mtambo uliolishona, na akaja kunivuta nikaone. Kwake vyote vilikuwa kitu kimoja. Nikaonyesha MUMO, nikamwonyesha yeye. Akajitazama miguu kuona kama amekanyaga kitu. Nikaonyesha tena. Akasogea pembeni kwa adabu, akidhani ameharibu mchoro wangu.

Nilirudia hivyo siku baada ya siku, hadi nikawa namshika kidevu na kumgeuza auangalie mchanga, naye akawa ananikimbia akiona nimeshika kijiti. Kama herufi ni sauti iliyolazwa chini, utampaje mtu ambaye sauti yenyewe hajawahi kukutana nayo? Hayo naweza kuyasema leo. Wakati ule nilijua tu kwamba nilitaka kuipiga M teke.

Kanisani nyuma ya madhabahu kulikuwa na sanduku la vitabu vilivyotumwa na Wazungu fulani kutoka ng'ambo. Ukilifungua linakupiga na harufu ya unyevu na mikojo ya panya. Kulikuwa na vitabu vya kutunza farasi, vya kuteleza kwenye theluji, na siku hiyo, nilipotumwa kufagia, nikapata kimoja cha Misri. Niliijua Misri kwa Farao na Musa. Sikujua kwamba watu wale waliandika kwa picha. Kuta nzima! Macho, mikono, nyoka, simba aliyelala, ndege wa kila aina, kila kimoja kimechorwa kwa uangalifu hadi ukucha. Kiingereza cha kile kitabu kilikuwa kigumu sikukigusa. Nilitazama picha tu, na nilichokielewa ni hiki: kulikuwa na nchi, tena imetajwa kwenye Biblia, ambako watu walisoma kwa macho peke yake bila haja ya masikio.

Nilikibeba ndani ya sweta. Sikukiiba, nilimwambia mke wa pasta nakwenda kukisoma, na yeye alifurahi kuona kuna mtu anasoma.

Siku zile chache zilizofuata ndizo zilikuwa siku nzuri. Tulikaa nyuma ya ghala, mimi na Mumo, na kipande cha mkaa na bati kuukuu. Nilichora jicho, akagusa jicho lake. Nilichora maji, akaigiza kunywa. Nilichora simba, akanguruma, na kwa kuwa hakujisikia alinguruma vibaya mno, kuku wakatimka. Nilichora bundi na yeye akafanya miwani kwa vidole kuzunguka macho, akatazama juu ya paa, akajikunyata. Hakukosea hata moja. Nilihisi kichwa kinanizunguka kwa furaha. Mtoto asiyejua kusoma alikuwa anasoma mbele yangu, tena maandishi ya Farao.

Kisha nikafanya upumbavu wa kutaka kuelewa. Nilichukua kamusi ya shule na nikaanza kupita kurasa za nyuma za kile kitabu, zilizoeleza zile picha, neno kwa neno, kama mtu anayepukuchua mahindi mabichi, punje zinapasuka mkononi na hazitoki. Nilikaa na ukurasa mmoja kutwa nzima. Na nilichokipata kilinifanya nikirushe kitabu mbali kikagonga kibakuli cha maji ya kuku.

Mdomo haukuwa mdomo. Ulikuwa R, kwa kuwa kwa lugha yao neno la mdomo lilianza na mlio huo. Maji hayakuwa maji, yalikuwa N. Walichora kitu, wakachukua mlio wake, wakakitupa kitu chenyewe. Mtu anakaa chini anamchora bundi kwa subira yote ile, manyoya mbavuni, kucha mbili zimeshika ardhi, ndege wengine wote wametazama upande ila yeye tu ndiye anayekutazama usoni, halafu anakwambia huyu si bundi. Ni midomo miwili ikifungwa. Ni mmm.

Nililia kwa hasira. Nilimlilia Mumo, na niliwalilia wale Wamisri pia, walionidanganya kwa uzuri wao. Picha zote zile zilikuwa mlango uliopakwa rangi tu, na nyuma yake kulikuwa na kufuli lile lile la ma me mi mo mu.

Likizo ilikuwa inaelekea mwisho. Nikajiambia, sawa, ikiwa ni sauti basi na iwe sauti, lakini angalau ni sauti yenye macho. M ya kwetu ni vijiti tu. Mumo hakuwa na sababu ya kuikumbuka. Bundi angemkumbuka. Kitabu kilisema irabu hawakuziandika, waliandika zile sauti nyingine tu. Mumo ukiondoa irabu inabaki M na M. Bundi wawili. Nilipanga nimfundishe kwanza kwamba bundi wawili ni yeye, akishajua kwamba alama inaweza kuwa mtu, nibadilishe pole pole, bundi atoke, M iingie. Hadi leo naona ulikuwa mpango wenye akili. Kuna walimu wanaolipwa na hawana mpango kama huo.

Mumo alilala nyumbani kwa Susu, kwenye kitanda kidogo upande wa ukuta uliopakwa chokaa. Susu akaenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilisimama juu ya kitanda na kuwachora kwa mkaa, wakubwa, mmoja kando ya mwingine, ili kila akiamka awaone. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo tena. Macho yalikutazama popote uliposimama.

Mumo aliingia kutoka kunywesha mbuzi. Akawaona. Akanitazama. Nikawaonyesha bundi, nikamwonyesha yeye. Bundi, wewe. Bundi, wewe. Akafanya miwani ya vidole machoni, polepole, halafu akagusa kifua chake, na akainua nyusi: mimi? Hakuwahi kuniuliza hivyo kwa MUMO ya mchangani. Nilitikisa kichwa kukubali hadi shingo ikauma. Ndiyo! Ndiyo, ni wewe! Niliruka juu ya kitanda. Nilikuwa nacheka.

Alikaa chini ukingoni mwa kitanda akawatazama bundi muda mrefu. Nikajua anajifunza. Nikatoka nje nikinyata ili nisimvuruge.

Susu aliporudi alianza kupiga mayowe kabla hajatua mkoba.

"Aiee! Ngai! Kii ni kyau? Hii ni nini? Nani ameleta ndundu kwa nyumba yangu? Tena wawili! Juu ya kitanda ya mtoto!"

Ukitaka kujua ndundu ni nini kwetu, bundi haji kutembea. Akitua juu ya paa la nyumba na kulia, watu wa nyumba hiyo humrushia kijinga cha moto na kuanza kuhesabiana vichwa. Mwaka uliotangulia alitua kwa Susu, Susu akatoka na kijinga, na kabla ya wiki kwisha babu yetu alikuwa amekufa. Kuna watu wanasema ni bahati mbaya tu iliyokutana na ndege. Mwambie hivyo Susu.

"Si ndundu, Susu," nilisema. "Ni jina ya Mumo. Ni herufi."

"Herufi iko na makucha?"

"Ni ya Misri! Ni sauti! Si ndege kabisa, ni M!"

"Wewe mtoto, macho yangu haijafa. Naona ndundu na wewe unaniambia ni M?"

Na hapo nilikwama, kwa sababu alichokuwa anasema Susu ndicho nilichowaambia wale Wamisri nyuma ya ghala, kwa hasira ile ile. Alichukua kitambaa chenye maji akasugua ukuta. Mkaa ukatawanyika ukawa wingu la kijivu, miili ikafutika, macho manne yakabaki. Susu akakaa kitandani, akamvuta Mumo kifuani, akalia kwa sauti, akimpapasa kichwa. Mumo hakulia. Alikuwa amelegea mikononi mwake.

Kesho yake pasta alikuja na akina mama. Hawakutia vidole masikioni safari hii. Walimzunguka Mumo, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, wakaomba wamefumba macho, na Susu machozi yalimtoka hadi leso ikalowa. Pasta akakitaka kitabu. Alifungua mahali penye miungu yenye vichwa vya mbwa na ndege, akakifunga haraka.

"Unaona hii kitu imekuja na nini?" akamwambia Baba. "Na ilikuwa kwa kanisa yetu!"

Nilisema sijakimaliza. Hakuna aliyenisikia, na mimi sikuwa kiziwi wala bubu. Kitabu kilichomwa nyuma ya kanisa, na mimi nikapigwa marufuku kushika mkaa.

Siku ya kufungua shule Mama alimwosha Mumo asubuhi, akampaka mafuta, akamvalisha suti ndogo ya Jumapili na viatu. Baba alikuja pia, kuona atakavyoshinda ubishi wake. Mumo alishika nguzo ya geti la nyumbani kwa mikono miwili na hakuiachia. Hakuwahi kuwa na tabia hiyo. Baba ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja, na njiani alitembea kama mtu mwenye usingizi, akigeuka kila mara kutazama mbuzi wake.

Mwalimu alikuwa ametimiza ahadi. Majina matatu ubaoni, kwa mkono mzuri, MUMO katikati. Akampa Mumo chaki na kumwonyesha ubao. Mimi nilisimama mlangoni nikimwonyesha kwa nguvu zangu zote, nikifanya miwani ya vidole, nikionyesha ile M, nikionyesha yeye. Aliniona. Akaiangusha chaki, akakaa chini sakafuni, akainamisha kichwa kati ya magoti, na hatukuweza kumwinua.

"Pole Mama," mwalimu alisema. "Huyu bado. Mpatie muda, tuone mwaka ujao."

"Si niliwaambia?" Baba akasema, na nadhani kidogo alikuwa na huzuni pia, lakini kushinda alikuwa ameshinda.

Njia nzima ya kurudi sikumgusa Mumo mkono. Nilikuwa nimemkasirikia kuliko wote. Alikuwa amejua! Nilimwona kwa macho yangu akiuliza, mimi? Nikadhani amefanya makusudi, ameona shule ni ndefu, mbuzi ni rahisi. Mwaka uliofuata mwalimu alikuwa amehamishwa, mwingine hakutaka kusikia habari hizo. Mumo alipelekwa shule ya viziwi upande wa Kitui akiwa tayari ni mrefu kama Baba, baada ya Mama kuchoka kuomba ruhusa na kumpeleka mwenyewe. Huko alikaa darasani na watoto wanaomfikia kiunoni. Huko ndiko alikopata lugha, na akaja nayo likizo, na mimi nikajifunza kwake kwa pupa, nikikunja uso kama kawaida yangu.

Haya yote yalinirudia kwa sababu ya ile karatasi ya binti yangu. Usingizi ulipokataa nilichukua simu nikaanza kusoma, nikimalizia kile kitabu kwa kuchelewa hivyo. Nikakuta jambo ambalo karatasi ya shule haikulitaja, wala mimi sikulifikia. Wamisri walikuwa na alama nyingine. Baada ya kuandika sauti za neno, mwishoni waliweka picha moja isiyosomwa kabisa. Haina mlio. Mdomo unairuka; ni ya macho tu, kumwambia msomaji neno hili ni la namna gani. Neno la kutembea linawekewa miguu inayotembea. Jina la mwanamume linawekewa mwanamume aliyekaa. Yaani baada ya bundi wawili ningemchora mtu aliyekaa. Bundi, bundi, mtu. Wale watu walijua kabisa kwamba sauti peke yake haitoshi, wakamwachia mtu wa macho nafasi yake mwisho wa kila neno, na kurasa hizo zilikuwa zimeteketea nyuma ya kanisa.

Jumamosi nilikwenda soko la Kwa Vonza, ambako Mumo ana kibanda cha kuchomelea mageti na madirisha. Ana mke, ana watoto watatu wanaosema kwa mikono na midomo kwa wakati mmoja. Nilimvuta pembeni ya cheche nikamweleza yote, kwa lugha aliyonifundisha mwenyewe: picha, mlio, M na M, alama isiyosomwa. Nilikuwa nimejaa hasira yangu na nilitaka aniunge mkono. Alinitazama kwa makini hadi mwisho. Kisha akavua glavu.

"Kumbe lilikuwa jina," alisema.

"Ulidhani nini?"

"Ndundu alikuja, Susu akalia, babu akavalishwa suti akawekwa kwenye sanduku. Hiyo niliiona. Halafu wewe ukanionyesha ndundu, ukanionyesha mimi. Nikakuuliza kama ni mimi, ukasema ndiyo. Susu akalia. Watu wakaja wakafumba macho. Mama akanivalisha suti."

Nilimuuliza, na nadhani niliuliza kwa ukali, kama kwamba alikuwa na deni la kunijibu: kwa nini hukuniambia unaogopa?

"Kwa nini?" Akaonyesha mikono yake mitupu. "Ningekuambia kwa kitu gani?"

"Na nani alikuja kukuambia kwamba hufi?" nikauliza.

Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa nangoja tu. Mvua ikaja tukapanda, ndengu zikaiva tukavuna, na mimi nangoja. Halafu nikachoka kungoja."